Mkia wa Neno

Fundi cherehani alikuwa akishona kola, binti yake alipomwita toka jikoni. Akasikia "Njoo!", akainuka, akaenda peke yake, akamwacha mdogo wake chumbani.

"Na mama mdogo je?" binti akauliza. "Nimesema njooni, chakula tayari. Mama, cherehani yako inakula maneno!"

Binti akacheka. Fundi hakucheka. Hamu ya kula ilimwisha papo hapo.

Mwaka uliopita, akiwa barazani kwenye cherehani hiyohiyo, alimwona kaka wa kinyozi akimchoma kisu mume wa mdogo wake Fundi. Mahakamani akasema alichokisikia: kinyozi, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, alipiga kelele, "Mshike!" Neno hilo ndilo lililomponza kinyozi. Mahakama ilisema alimwagiza kaka yake amshike marehemu, basi wameua wote, na wote wakahukumiwa kunyongwa. Lakini kama alisema "Mshikeni!", basi maskini alikuwa akiwalilia wapita njia wamzuie muuaji. Silabi moja, ndogo kuliko kifungo cha shati.

Siku tatu Fundi hakutulia. Yeye ambaye, kama mafundi wote, huahidi Ijumaa akimaanisha Jumatatu, sasa alishona mikono nje ndani, akafumua, akashona tena vilevile. Mwishowe akamwambia mdogo wake, mjane wa marehemu.

"Maji yakimwagika hayazoleki, dada. Uliapa."

"Niliapa kusema nilichosikia. Sikuapa kwamba sikio langu halikosei."

"Ukimtoa yule, umemzika mume wangu mara ya pili."

Fundi akalia, maana mdogo wake huyo alimlea mwenyewe tangu mama yao afariki. Hata hivyo akaenda kwa wakili wa kinyozi, na mahakama ya rufani ikakubali kumsikiliza upya.

"Kwa hiyo alisema mshikeni?" jaji akauliza.

"Sijui, mheshimiwa. Mimi nilisikia mshike. Lakini nilikuwa nashona, na mashine ilikuwa inatembea."

"Mbona hukusema tangu mwanzo?"

"Mtu hasikii mlio wa cherehani yake, mheshimiwa. Nilishauzoea."

Wiki tatu baadaye majaji walisoma hukumu: mtu hanyongwi kwa neno lenye shaka. Rufani ya kaka mtu ikatupwa, kinyozi akaachiwa huru. Nje, mke wa kinyozi alimkumbatia Fundi na kumlowesha bega kwa machozi, asimwachie. Fundi alikuwa akimtafuta mdogo wake kwa macho. Tangu kesi ianze walikuja pamoja, na kila mara ilipoahirishwa mdogo wake alimshika mkono akamwambia, "Twende, dada."

Mdogo wake akateremka ngazi, akasimama mbele yao wawili.

"Nendeni," akasema, akapita.

Hapo hapakuwa na cherehani. Fundi alilisikia neno lote, mpaka mwisho wake.