Kidole cha Murugi

Murugi alikuwa ameapa kwamba kidole chake cha gumba hakitagusa wino tena mpaka aelewe karatasi inasema nini. Kiapo hicho alikishika miaka kumi na mitatu bila taabu yoyote, kwa sababu hakuna mtu aliyemletea karatasi. Kilipokuja kujaribiwa ilikuwa Jumatatu moja ya mwaka wa sabini na moja, kwenye benchi la nje ya thieta, chumba cha operesheni, katika hospitali moja ya Nyeri. Aliyekuwa hatarini ni Watiri, binti yake wa miaka saba, mtoto wa pekee aliyebaki naye.

Na usimcheke. Mwaka wa hamsini na nane, mashamba yalipokuwa yakikusanywa na kugawanywa upya, mumewe Ngatia akiwa kizuizini, karani mmoja alimletea karatasi akamwambia aweke kidole, ati ni ya kuonyesha tu kwamba amefika barazani. Akaweka. Ngatia alipoachiliwa alikuta vipande vyake vitatu vya Gatitu, vya udongo mwekundu mzuri, vina wenyewe wengine, naye amepewa mteremko wa mawe huko juu ya Mweiga. Hakumgombeza mkewe hata siku moja. Alinyamaza tu, na kule kunyamaza kulimuuma Murugi kuliko kama angetukanwa. Sasa Ngatia alikuwa amekufa, na Murugi bado alikuwa akilima yale mawe.

Watiri alikuwa na uvimbe kwenye kinena. Akikohoa unatoka, akilala unarudi. Walisubiri nafasi miezi minne, na Jumapili hiyo mtoto akalazwa ili afanyiwe operesheni Jumatatu asubuhi. Ilipofika saa nne, Watiri alikuwa ameshavalishwa gauni la kijani na kulazwa kwenye kitanda cha magurudumu mlangoni mwa thieta. Karani akaja na karatasi yake na kisahani chake cha wino.

Karani huyo aliitwa Philemon Khisa, mtu wa Bungoma, miaka miwili tangu ahamishiwe Nyeri, na Kikuyu chake kilikuwa salamu tu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa haraka, na haraka yake alikuwa amewazoesha wagonjwa wote waione kama sheria. Asubuhi hiyo alikuwa ameshapita kwenye benchi, akakusanya vidole vya akina mama sita, na hakuna aliyemuuliza kitu. Alipomfikia Murugi, alimshika mkono kama anayetaka kumvisha pete. Murugi akauvuta mkono wake, akaurudisha ndani ya shali, akauliza kwa Kiswahili hiyo karatasi inasema nini.

Philemon akamwambia ni ya operesheni. Murugi akasema hilo analijua, anataka kujua watakata wapi, watatoa nini, na mtoto ataamkaje. Philemon akasema hayo ni mambo ya daktari. Basi aitwe daktari, akasema Murugi, akaegemea ukuta kama mtu aliyekuja kushinda hapo kutwa.

Wenzake kwenye benchi wakaanza kumvuta nguo. Monicah, mama wa Naro Moru aliyekaa naye ubavuni, mwenye uvimbe kwenye koo, alimnong'oneza kwamba watu wa hospitali hawapendi maswali, wataona anajifanya, wamrudishe nyumbani na mtoto wake. Murugi alijua inaweza kuwa kweli. Lakini alimwangalia Watiri pale kitandani, miguu yake midogo imetokeza chini ya shuka, akajiambia kwamba alipoteza shamba kwa kidole hiki na huyu hatampoteza kwa kidole hiki. Hakuondoka.

Daktari Moffat alitoka akiwa na kofia ya kitambaa kichwani na hasira usoni. Hapa lazima niseme jambo linalonichoma mpaka leo. Huyu Moffat alizaliwa Gatitu, mwendo wa nusu saa kutoka hapo. Mama yake alikuwa akiuza kabichi soko moja na Murugi. Alikwenda ng'ambo miaka saba, akarudi na Kiingereza, na mle hospitalini hakuzungumza kitu kingine, hata na mgonjwa aliyemjua tangu akiwa na makamasi. Maneno yake yalipitia kwa karani wa Bungoma ndipo yamfikie mama wa Mweiga. Eti ndiyo heshima ya kazi.

Akasimama mbele ya benchi, akazungumza na Philemon kwa Kiingereza muda mrefu, mkono ukionyesha tumbo, saa, mlango. Alipomaliza, Philemon akamgeukia Murugi akamwambia, "Daktari anasema ni operesheni kidogo, uweke kidole."

Murugi akamtazama. "Yeye amesema maneno mengi, wewe umeniletea kidogo. Hayo mengine umeyaweka wapi?"

Benchi zima likacheka, hata Monicah, akiushika uvimbe wake. Philemon akainama, akaipangapanga karatasi yake. Daktari hakucheka, ingawa alikuwa ameelewa kila neno, na Murugi aliona kwamba ameelewa. Akasema kitu kifupi. Safari hii Philemon hakupunguza chochote: mtoto atafutwa kwenye orodha, na akirudi ataanza foleni upya.

Ilikuwa miezi minne mingine. Na mwezi uliopita uvimbe ulikataa kurudi usiku kucha, Watiri akalia mpaka sauti ikakauka. Murugi akasimama, akampita karani, akamwambia daktari kwa Kikuyu, mbele ya watu wote:

"Kama ni kumfuta, mfute kwa mdomo wako, kwa lugha tuliyokulea nayo. Mimi si mjinga. Mimi sijaambiwa."

Sista mmoja alichungulia kutoka thieta akarudi ndani. Daktari Moffat aliangalia saa yake, akaangalia ile safu ya wanawake, akavuta pumzi kama mtu anayebeba gunia. Kisha akamuuliza kwa Kikuyu, Kikuyu cha Gatitu kabisa, ni kitu gani hasa anachotaka kujua.

Basi akauliza. Daktari akajibu kwa ukali mwanzoni, kama anayetupia kuku mahindi. Tumbo, alisema, lina ukuta wa nyama unaoshika matumbo yasitoke. Ukuta wa Watiri una tundu dogo tangu azaliwe, na utumbo unachungulia hapo. Hatatoa kitu chochote cha maana, ataurudisha utumbo ndani na kulishona tundu. Asiposhona, siku moja utumbo utanasa nje, ukose damu, uoze, na mtoto anaweza kufa. Murugi akaitikia kwa kichwa kuonyesha anafuata. Alishangaa jinsi lilivyo jambo la kueleweka. Miezi minne alikuwa akilala akidhani wanataka kumtoa mtoto kizazi.

Akauliza habari ya usingizi. Sauti ya daktari ilikuwa imeshapoa kidogo. Alisema watampa dawa ya kuvuta kwa pua, atalala asisikie kisu, na wakimaliza ataamka. Dawa hiyo hulegeza kila kitu mwilini, hata koo. Ndiyo sababu mtoto hatakiwi kula kitu tangu usiku, kwa maana chakula kikiwa tumboni kinaweza kupanda, kikaingia kwenye mapafu, akafa palepale mezani.

"Lakini huyu amekula," Murugi akasema.

Daktari akamuuliza amekula nini. Murugi akaeleza bila woga, maana hakuona kosa lake: asubuhi sista aligawa chai na mkate, akakiruka kitanda cha Watiri. Mtoto akalia njaa. Murugi akadhani wamemsahau, watoto ni wengi, na yeye alikuwa na uji kwenye chupa ya chai. Alimpa vikombe viwili, vyote vikaisha.

"Kwenye kitanda kulikuwa na kadi," daktari akasema. "Imeandikwa asile."

"Imeandikwa kwa lugha gani?"

Daktari alikwenda kwenye kile kitanda cha magurudumu, akakisukuma mwenyewe kutoka mlangoni mwa thieta mpaka ukutani, mbali. Murugi alipomwona akimwondoa mtoto vile, ndipo woga ulipomkamata kweli. Akaketi. Angekuwa ameweka kidole, saa hii mtoto angekuwa ndani. Daktari alirudi akamwambia, kwa sauti ya chini, kwamba alikuwa karibu kumuua mtoto wake.

"Mimi na wewe," Murugi akasema. "Tulikuwa wawili."

Murugi hakuomba msamaha, na mimi nasema alifanya vizuri. Daktari akamwambia kwamba Watiri atafanyiwa operesheni Alhamisi, na kwamba Jumatano jioni atakuja yeye mwenyewe kumweleza ni nini mtoto ale na nini aache. Murugi akasema hapo sawa, Alhamisi atakuja aweke kidole.

Philemon alikuwa hajaelewa kitu. Aliona tu kitanda kimerudishwa, nafasi iko wazi, na saa inakwenda, kwa hivyo akachukua karatasi iliyofuata na kumwita Monicah aingie. Monicah alishaweka kidole chake tangu saa mbili, wino bado ulikuwa haujatoka. Alikitazama kile kidole cha buluu, akamtazama Murugi, akabaki amekaa.

"Nataka karatasi yangu," akasema kwa Kiswahili, ili karani asikie. "Sijaambiwa mtanikata nini."

Mama wa tatu akasema yake pia. Halafu wa nne. Philemon akamgeukia daktari kungoja amri. Daktari Moffat akavua ile kofia, akavuta stuli, akaketi mbele ya benchi, akasema maneno marefu kwa Kikuyu huku akitazama sakafu. Karani akaangaza macho huku na huku, haambulii hata neno moja.

Murugi akamhurumia.

"Daktari anasema uwarudishie karatasi zao zote," akamtafsiria. "Anasema ulete chai, maana tutakaa sana. Na anasema ataanza na Monicah, aulize chochote, na wewe ukitaka kusikiliza, ukae hapa kando yangu, nitakueleza."