Uvimbe Unaoita Wenzake

Jumapili iliyopita, baada ya misa, Irene alijitia kimbelembele kuusomesha ukoo wake. Alikuwa akitafiti saratani katika maabara ya chuo kule Mazimbu, na mama yake, Angelina, alikuwa na uvimbe kwenye titi ambao daktari alitaka kuutoa upesi. Akawaeleza kuwa seli za uvimbe hazikai kimya kama mawe. Hufunga chembe ndogo mno, ziitwazo maikro-RNA, ndani ya vifuko, zikazituma kwa seli za jirani. Seli nzima ikizipokea hugeuka: iliyokuwa mlinzi husinzia, nyingine hufungua njia ya damu kuulisha uvimbe.

Wote walistaajabu.  Mjomba Bartholomeo, kaka yake Angelina, aliyachukua maneno yale, akaenda nayo kwake.

Sasa kikao cha wazee kilikuwa kimekaa nyumbani kwake, juu mlimani. Kwa Waluguru wa kule, mwenye kauli juu ya mwanamke na watoto wake ni kaka yake, na Angelina hakuwa mtu wa kushuka hospitali bila neno lake. Kitanda cha upasuaji kilimngoja kesho asubuhi. Ukungu ulishaanza kuifunika njia ya Bigwa, ya kushukia hospitali.

"Mpwa wangu," mjomba alisema taratibu, "wewe mwenyewe umetuambia hivyo vidudu vinaitana. Huku kwetu mtu akivamiwa shambani hupiga ukelele, na ng'ambo ya bonde wakasikia. Sasa ukiupiga kisu, hautaita wenzake? Nijibu kwa Kiswahili, hicho cha darasani kiache huko huko Mazimbu."

Wazee wakaguna kuitikia.  Swali halikuwa la kijinga; hata maabarani waliwahi kuliuliza. Uongo ulimjia mdomoni, mwepesi, mtamu, wa kumaliza kikao pale pale. Akamtazama mama yake, aliyekuwa akikunja pindo la khanga na kulikunjua.

"Sijui yote, mjomba. Huenda wenzake wameshasikia, siwezi kuapa. Ila uvimbe hausubiri kisu ndipo uite. Unaita sasa hivi, sisi tukiwa tumekaa hapa."

"Na hao waliosikia?"

"Watafutwe kwa dawa, wangali wachache."

Mjomba akatikisa kichwa. Akasema basi wangojwe ndugu wa Turiani, jambo lizungumzwe na ukoo mzima. Irene alijua kungoja kule kungezaa nini: kitanda kingepotea, na uvimbe ungezidi kuita.

Ndipo Angelina alipoinuka.

"Kaka, watoto niliozaa ni wa ukoo. Nimewapeni, sikunung'unika. Titi hili limewanyonyesha, kazi ya ukoo limeimaliza. Lililobaki ni langu. Nashuka."

 Bartholomeo alimkazia dada yake macho, taya likimcheza. Kisha akavaa kofia, akashika fimbo, akamwambia Irene bila kumwangalia kwamba amshike mama yake kwa upande wa bonde, maana njia inateleza. Yeye mwenyewe akatangulia.