Kitanda Hutangulia

Jumamosi, tarehe 14 Juni 2025, saa moja na robo asubuhi, mawingu yakiwa mazito upande wa bahari na manyunyu yasiyotosha hata kulaza vumbi, niliwasha pikapu yangu mbele ya nyumba ya dada yangu Mwanajuma, mjini Bagamoyo. Taa ya injini ikawaka na haikuzimika.

"Rajabu," nikaita.

Fundi Rajabu alikuwa amekuja kutusaidia kupakia. Aliinama dirishani, kitumbua mkononi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Taa hii inasema nini?"

"Inakusabahi."

"Juma lililopita ulinikabidhi gari hili ukaniambia limepona."

"Na limepona. Taa za magari ya siku hizi zina umbea, mwalimu. Zikikosa la kusema hutunga."

"Vizuri. Panda nyuma, twende wote Mkange kwa wakwe."

"Mimi? Nimeacha gari la mtu juu ya jeki."

"Shuleni kwetu mpishi alikula wa kwanza, wanafunzi wakimtazama. Fundi naye asafiri ndani ya kazi yake. Panda."

Alipanda, akaketi juu ya godoro jipya kama mwali.

Ugonjwa wa gari lile niliujua. Injini za dizeli za siku hizi zina valvu inayochukua sehemu ya moshi na kuurudisha ndani, ili moto usizidi ukali na hewa inayotoka isiwe na sumu nyingi. Mafundi huiita EGR. Baada ya muda valvu hiyo hujaa masizi, ikakwama, na gari likapoteza nguvu. Dawa yake ni kuifungua na kuisafisha. Dawa ya mkato ni kuiziba kwa kipande cha bati, moshi wote ukatoka nje kwa watu. Nilikuwa nimemwambia Rajabu, kwa maneno ambayo hata mtoto wa darasa la kwanza angeyaelewa, kwamba yangu isafishwe wala isizibwe.

Siku nyingine ningelirudisha gari gereji. Siku ile haikuwezekana, kwa sababu nyuma kulikuwa na kitanda cha Samia.

Samia ni binti wa Mwanajuma. Kwetu kitanda cha bibi harusi hutangulia nyumbani kwa mume, naye huja baada yake. Akifika akakuta chumba kitupu, maneno ya watu humfuata mpaka uzeeni. Zaidi ya hayo, kitanda kile kilikuwa deni langu. Nilipochaguliwa kwenda shule ya bweni, nyumbani hapakuwa na nauli wala sanduku. Mwanajuma, aliyekuwa ameolewa mwaka huohuo, aliuza kitanda chake cha mninga chenye matendegu ya kuchonga. Akalala juu ya mkeka, mimi nikalala bwenini juu ya chuma cha serikali. Niliapa kwamba binti yake nitampelekea kitanda cha mninga, kwa mkono wangu.

Dada akiwa ameketi mbele nami, tulipita Makurunge, tukaacha lami, tukashika barabara ya Saadani. Kwenye mwinuko wa kwanza nilikanyaga mafuta, gari likakataa kuvuta. Nilirudisha gia, likatetemeka. Kwenye kioo sikuuona tena mti wala njia, isipokuwa moshi mweusi, na ndani ya moshi sauti ya Rajabu ikikohoa.

"Latifu," dada akasema kwa upole, "gari linaumwa."

"Litapanda."

"Kuna baiskeli imetupita."

Nilitazama. Ilikuwa imetupita kweli, na mwenye nayo alikuwa amebeba mkungu wa ndizi. Kabla ya kufika juu, injini ilizimika.

Rajabu alishuka, uso mweusi, akafungua boneti bila kuambiwa. Nilisimama nyuma ya bega lake. Alikuwa mwepesi wa kusema na mzito wa kufungua.

"Labda ni dizeli chafu, mwalimu."

"Fungua valvu."

"Kule ni moto bado."

"Fungua."

Alipoitoa, nilimsogeza nikaichungulia. Ilikuwa imeachama kama mdomo wa samaki, haifungi. Nikavuta kilichoibana kwa koleo. Kilikuwa kipande cha bati jembamba, kimeungua kingo, na upande mmoja bado unaonyesha alizeti ya njano. Bati la debe la mafuta ya kula.

"Hiki nini?"

Rajabu alikuna kichwa. "Niliziba kidogo tu."

"Nilikuambia nini?"

"Ulisema nisafishe. Lakini mwalimu, kusafisha ni kazi ya kurudia kila mara. Nikaona nikupunguzie safari za gereji."

"Kwa hiyo ulinihurumia."

"Kwa kweli."

Bati lake lilikuwa limetoboka kwa joto, likamegeka, kipande kikaangukia ndani ya valvu na kuikaba.

Simu ya Mwanajuma ikalia. Akasikiliza, akaikata.

"Kosta iliyombeba bibi harusi imeshaondoka Bagamoyo," akasema.

"Mwalimu, nipe dakika tano," Rajabu akadakia. "Natafuta kopo la soda hapa, nakata kiraka, naziba, tunaondoka."

"Kiraka kingine? Kiungue tena kabla ya Mto Wami? Utasafisha, na utasafisha mpaka nione chuma."

Tukiwa katika hali hiyo, lori dogo lilisimama nyuma yetu, limejaa kreti za soda. Alishuka Mzee Yunus, baba mkubwa wa bwana harusi. Alimsalimu dada kwa heshima zote, kisha akanigeukia.

"Mkwe, tumeuona moshi tangu kule bondeni, tukadhani mmeanza kupika pilau njiani."

"Ni hitilafu ndogo."

"Naiona. Nafasi ninayo. Tukipandisha kitanda juu ya kreti, kitafika kabla ya adhuhuri."

"Nakushukuru, mkwe. Kitanda hiki kinapelekwa na mjomba wake."

Mzee Yunus akatazama injini, akatazama masizi mikononi mwangu, akarudi nyuma hatua moja kwa adabu. Adabu ile iliniudhi kuliko mzaha wake.

Mwanajuma alishuka, akafunga kanga yake vizuri.

"Latifu, njoo."

Nikamfuata hatua chache pembeni.

"Kitanda changu sikukiuza ili upate la kujivunia," akasema. "Nilikiuza ili ufike shuleni. Na hiki kifike."

"Niliapa, dada. Kwa mkono wangu."

"Samia hakukuapisha."

Nilirudi kwenye gari. Nilifungua kamba mwenyewe. Nilishika matendegu ya kichwani, Mzee Yunus na dereva wake wakashika ya miguuni, tukakipandisha juu ya kreti za soda pamoja na godoro lake. Mwanajuma akaketi mbele katika lori la wakwe, likaondoka. Sijawahi kuchukia mwinuko kama ule.

Rajabu alisugua valvu kwa mswaki na mafuta ya taa, nami nikimsimamia, mpaka chuma kikaonekana. Hakutania tena. Alipomaliza aliuliza, kwa sauti ya chini, kama kazi hii nitailipa kando.

"Kazi hii nilikwisha kukulipa juma lililopita."

Gari liliwaka, likapanda bila moshi. Tuliingia Mkange baada ya sala ya adhuhuri. Samia alikuwa amekwisha kuingizwa ndani, vigelegele vimetulia, watu wanakula. Mwanajuma alinitokea mlangoni.

"Kilitangulia?" nikauliza.

"Kilitangulia. Alikikuta kimetandikwa."

"Lakini sikukileta mimi. Deni lako bado liko kwangu."

"Halipo," dada akasema, akanipa maji ya kunawa masizi. "Mimi nilikudai kitanda. Sikukudai gari."