Bonyeza Baadaye

Katika karakana yetu ya sare, mshonaji mpya hufundishwa mambo mawili kabla hata hajaoneshwa choo kilipo. La kwanza, mkasi wa kitambaa haukati karatasi. La pili, kisanduku kikitokea kwenye skrini kikiuliza kama seva isasishwe sasa au baadaye, bonyeza Baadaye, urudi kwenye cherehani yako.

Seva yenyewe ilikaa chini ya meza ya kukatia, imefunikwa kitambaa cha maua kama chakula cha mtu aliyechelewa kurudi. Ndani yake ilikuwamo michoro yote aliyoichora mama: kola, mabega, suruali za wapishi, magauni ya wauguzi. Mama alistaafu macho yake yalipofifia, na neno la siri akasema amelisahau. Tangu hapo hakuna aliyethubutu kuizima seva, maana ikizimika nani angeifungua?

Mimi nilikuwa nimechoka. Printa mpya ya michoro ilikataa katakata kuelewana na seva yenye programu za kale, oda ya wauguzi ikawa imekwama, na kaka yangu, anayeshika uongozi, akaona hapo ndipo pa kupenyea.

"Hii kitu imekufa, mdogo wangu," alisema asubuhi hiyo huku akichezea funguo za karakana. "Kuna mtu anataka chumba aweke stoo. Tufunge tu kwa heshima."

"Naisasisha leo."

"Isiporudi?"

"Itarudi."

"Isiporudi, jioni namkabidhi funguo. Na mafundi utawaambia wewe."

Nikamwambia sawa. Nilikuwa na hasira za kutosha kuendesha cherehani zote bila umeme.

Sikukurupuka. Nilinakili michoro yote kwenye diski, nikafungua kola moja kwenye kompyuta nyingine, nikahakikisha imetoka nzima. Lakini kuandaa seva nyingine kungechukua siku kadhaa, na kaka alinipa mpaka jioni. Nikavuta kile kitambaa cha maua. Vumbi likanipigisha chafya. Vifungo, fundi wetu wa vifungo anayeitwa hivyo hata na wanawe, akakiokota.

"Dada, una uhakika?"

"Sina. Nabonyeza hivyo hivyo."

Nikabonyeza Sasa.

Ikasaga, ikanung'unika, ikasaga tena. Kisha ikajizima, na feni yake ikanyamaza. Tulikuwa tumeizoea sauti ile kiasi kwamba cherehani zilisimama moja baada ya nyingine, mafundi wakabaki kutazamana. Niliogopa, sitaficha. Halafu ikawaka. Ikaleta skrini safi, na katikati kisanduku kimoja kitupu kikidai neno la siri.

Kaka alitabasamu. "Si nilikwambia? Mama alishasahau." Akatoa simu kumpigia mtu wake wa stoo.

Mama alikuwa dirishani, akichambua nyuzi kwa vidole kama afanyavyo kila siku tangu astaafu. Aliinuka, akafuata ukingo wa meza mpaka akanifikia, akanisukuma begani.

"Nipishe."

Hakuitazama skrini. Vidole vilipita kwenye kibodi haraka, akamalizia kwa kugonga mara moja kwa nguvu. Michoro ikafunguka, na printa mpya kule kona ikapiga mlio wa kuitika.

"Mama," kaka alisema, simu bado sikioni, "si ulisema umesahau?"

"Ulileta mtu wa kununua michoro yangu, ukanidai neno la siri mbele yake. Ndiyo, nikakwambia nimesahau. Ulitaka nikwambie nini?" Akanigeukia. "Na wewe hukuwahi kuniuliza. Wote mnabonyeza Baadaye tu."

Nilijawa na furaha na aibu kwa mpigo.

Kwenye pembe ya skrini kikatokea kisanduku kingine. Nikanyoosha mkono. Mama akaushika.

"Kinasemaje?"

"Kuna masasisho mengine. Kinauliza sasa au baadaye."

"Mpe kaka yako kipanya."

Kaka akakata simu. Aliwatazama mafundi, mafundi wakamtazama yeye, Vifungo akiwa bado amekumbatia kitambaa cha maua. Akaweka funguo mezani ili mkono uwe huru, akainama, akabonyeza Sasa.

Mama akazipapasa funguo pale mezani, akazitia mfukoni mwake.