Kesi ya Nyumba Isiyo na Sauti

Nchi ya Kodoleani ilijaaliwa kila neema ambayo jicho la binadamu laweza kuitamani: milima ya kijani, mabonde yenye rutuba, mashamba ya mpunga na hewa isiyo na vumbi. Lakini raia zake hawakuwa na habari na hata moja ya neema hizo, kwa kuwa jua lilipoanza kuteremka kila mmoja aliingia ndani, akafunga madirisha ili mwanga usimsumbue, akaketi mbele ya runinga. Milima ilibaki huko nje peke yake. Naisimulia habari hii kwa uchungu, maana naipenda milima ile kuliko wenyeji wake walivyopata kuipenda.

Mto ulioitwa Kinaya uliigawa nchi hiyo katika majimbo mawili. Ng'ambo ya juu lilikuwa jimbo la Simanzi, na ng'ambo ya chini lilikuwa jimbo la Bashasha. Wasimanzi walitazama michezo ya kuliza, Wabashasha wakatazama michezo ya kuchekesha. Na tofauti hiyo, ambayo kwa mtu mwenye akili timamu ni tofauti ya ladha tu, kama huyu kupenda chumvi na yule kupenda sukari, kwao iligeuka kuwa nasaba, ikawa maadili, ikawa siasa, na ilibaki kidogo tu iwe dini.

Katika Simanzi watu waliamkiana kwa kuulizana, "Umelia?" na muungwana alijibu, "Nimelia, alhamdulillahi." Leso zilizolowa ziliangikwa milangoni makusudi, ili mpita njia atambue kwamba nyumba ile ina watu wenye utu. Mwanamke aliyekata kitunguu pasipo macho kumchuruzika alisemwa kisimani mpaka akahama mtaa. Wavivu, ambao hawakosekani popote, walichovya leso zao mtungini kila asubuhi, na majirani, ambao nao walikuwa wametoka kuchovya zao, waliwasifu kwa ulaini wa moyo.

Katika Bashasha salamu ilikuwa, "Umecheka?" na jibu lake, "Mpaka mbavu zinaniuma." Huko hapakuwa na viti. Mtu aliyelelewa vyema alitakiwa agaegae chini wakati wa kucheka, na kiti kilihesabiwa kuwa kizuizi cha adabu njema. Mganga wa mbavu aliketi juu kuliko diwani. Mtu akifiwa, majirani walikuja kumpa pole huku wamezibana nyuso kama watu waliokula limau bichi, kisha wakatoka haraka kurudi makwao, na mfiwa mwenyewe akaona aibu kwa kuwapotezea jioni.

Wasimanzi waliwaita wenzao mahayawani wasio na moyo. Wabashasha nao waliwaita wenzao wanafiki wenye mafua ya kudumu. Mshenga akienda kuposa hakuulizwa habari za ukoo, wala tabia, wala kazi ya kijana, aliulizwa, "Huko kwenu mnatazama nini?" na ndoa ikafungwa au ikafia hapo.

Michezo yenyewe haikutungwa Kodoleani, kwani nani angetunga, ikiwa wote wanatazama? Ililetwa kutoka nchi za mbali, katika lugha ambayo hapana mtu aliyeijua, na kwa hiyo kila jimbo lilikuwa na mfasiri wake, ambaye sauti yake ilitanda juu ya picha ikieleza nani amesema nini, na kwa sababu gani, na mtazamaji amwonee nani uchungu au amcheke nani. Wa Simanzi aliitwa Mwinyi Kilio, wa Bashasha aliitwa Mwinyi Porojo. Kuipunguza sauti ya mfasiri kulikuwa ufidhuli mkubwa kuliko kumkatiza baba yako anapozungumza, na haikujulikana katika Kodoleani nzima nyumba iliyothubutu kufanya hivyo, mpaka ilipozuka nyumba ya Mcheshi bin Mzaha.

Mcheshi alikuwa Mbashasha, mfumaji wa mikeka ya kugaagaa. Mkewe, Majonzi binti Matanga, alikuwa Msimanzi, mshonaji wa leso. Walikutana sokoni darajani, ambako bidhaa za pande zote mbili ziliuzwa, wakapendana kwa pupa bila kuulizana wanatazama nini, na walipokumbuka kuulizana walikuwa wamekwisha chelewa. Wazazi wa pande zote walikataa kuisimamia harusi. Walioana palepale darajani, mashahidi wao wakiwa wauza samaki, wakaenda kukaa Bashasha, na Mungu akawajalia binti, wakamwita Liwazo.

Jioni ya kwanza ya ndoa yao waligombana. Mke alimtaka Mwinyi Kilio, mume akamtaka Mwinyi Porojo. Maneno yalipanda, mkeka ukatupwa huku na leso ikatupwa kule. Mwishowe Majonzi aliinuka akaifunga sauti, akasema kwamba ikiwa hawawezi kusikia pamoja basi na watazame pamoja. Walitazama. Mcheshi aliona ajabu, kisha akaanza kumwuliza mkewe anadhani yule mtu wa pale anataka nini, na mkewe akamjibu, naye akambishia, na mpaka wanakwenda kulala walikuwa wamezungumza kuliko watu wa mtaa mzima. Tangu siku hiyo hawakuifungua sauti tena. Siku nyingine Majonzi alicheka, siku nyingine Mcheshi alilia, na Liwazo alikulia katikati yao akidhani kwamba ndivyo watu wote wanavyoishi.

Jirani yao, Bi Umbea, alisikia kwikwi za mwanamume katika saa ya kucheka, na nyuma ya kwikwi hizo hakusikia sauti ya mfasiri hata kidogo. Alishika kifua. Hakungoja hata kujifunga kanga ya pili. Alikwenda moja kwa moja kushtaki.

Ilikuwapo sheria iliyoitwa Sheria ya Jicho Moja. Kwa sheria hiyo, nyumba isiyo na idhaa moja inayojulikana ilihesabiwa kuwa si nyumba. Ndoa yake huvunjwa, mume na mke hurudishwa kila mmoja kwao, na mtoto hupewa jimbo ambalo moyo wake unaelekea. Moyo ulipimwa hadharani. Mtoto aliketishwa mbele ya runinga mbili: akicheka ni wa Bashasha, na mama yake hatamwona tena, akilia ni wa Simanzi, na baba yake hatamwona tena. Waliotunga sheria hiyo walikuwa na watoto wao nyumbani, na sijui walipata wapi usingizi.

Baraza la hukumu lilikaa katika jumba la darajani, Wasimanzi upande huu na leso zao, Wabashasha upande ule na mikeka yao. Hakimu aliitwa Insafu, mtu aliyeogopa upendeleo kiasi kwamba alilia siku moja na kucheka siku ya pili, kwa zamu, asidaiwe na mtu. Mwendesha mashtaka aliitwa Mafarakano, naye alisifika pande zote mbili kwa ufasaha, kwa kuwa kila upande ulidhani anausema mwingine.

Mafarakano alieleza kwa urefu kwamba taifa ni macho, na kwamba macho yakikosa mwongozo huona chochote. Alisema nyumba ya washtakiwa ni hatari kuliko nyumba ya wezi, kwa sababu mwizi huiba mali ya mtu mmoja, lakini watu hawa wamemwibia mtoto haki yake ya kujua anapaswa kuhisi nini. Watu walipiga makofi. Hakimu alimtaka Majonzi ajitetee.

Majonzi alisimama na Liwazo amemshika sketi. 

"Mheshimiwa Hakimu, mimi na mume wangu tulizima sauti ili tusigombane. Hatukumtukana mfasiri wala jimbo la mtu. Mtoto wetu hajui kucheka kwa amri, na kulia kwa amri hajui. Nakuomba usimpime kwa kitu ambacho hatukumfundisha."

Hakimu aliinamisha kichwa, akasema kwamba sheria haina sikio la ombi. Mcheshi alipiga magoti akamtengenezea binti yake kola ya gauni, akaitengeneza tena ingawa ilikuwa imekaa vizuri, kwa maana hakujua kama atapata kuishika mara nyingine.

Runinga mbili ziliwekwa ubavu kwa ubavu, moja imefunguliwa idhaa ya Simanzi, nyingine idhaa ya Bashasha. Papo hapo Mwinyi Kilio na Mwinyi Porojo waligongana kwa sauti, huyu anaomboleza na yule anapiga mayowe ya kicheko, ikawa vurugu hata hakimu mwenyewe akaziba masikio. Mafarakano alihofia kwamba mtoto ataogopa kelele, alie, na Wabashasha waseme wamedhulumiwa. Ndipo, kwa kiburi cha mtu asiyefikiri kwamba hila yake yaweza kumgeukia, akaomba sauti zote mbili zifungwe ili haki itendeke. Hakimu aliona ni shauri la insafu. Askari alizifunga.

Kwa mara ya kwanza tangu dunia yao iumbwe, watu wa Kodoleani walitazama bila kuambiwa wanatazama nini.

Katika runinga ya Simanzi alionekana mwanamke mwenye kilemba cha buluu, amesimama uani. Alifunua sufuria akachungulia, akaifunika, akaenda mlangoni akatazama njia, akarudi. Katika runinga ya Bashasha alionekana mwanamke mwenye kilemba cha buluu, amesimama uani. Alifunua sufuria akachungulia, akaifunika, akaenda mlangoni akatazama njia, akarudi.

Hapana aliyelia wala aliyecheka; nyuso hazikujua zishike umbo gani. Bibi mmoja Msimanzi na fundi mmoja Mbashasha, waliosukumwa na msongamano mpaka wakakaa bega kwa bega, walimtazama mwanamke yule pamoja, na bibi alisema taratibu kwamba maskini, miguu yake imevimba. Fundi aliitika kwamba naye ameiona. Nathubutu kusema kwamba kwa muda ule mfupi Kodoleani ilikuwa nchi moja, na natamani hadithi yangu ingeishia hapo.

Haikuishia. Mzee wa Simanzi aliruka akadai kwamba yule ni mjane wao Bi Ukiwa, ambaye sufuria yake ni tupu na mwanawe amepotea, na kwamba Wabashasha wamemwiba. Mzee wa Bashasha alimjibu kwamba yule ni mlafi wao Bi Kidomo, aliyekula chakula cha wageni na sasa anamvizia mumewe mlangoni amdanganye, na kwamba Wasimanzi ndio wezi. Hapana aliyeuliza inakuwaje mwanamke mmoja awe na majina mawili. Waliuliza nani alianza kuwa naye. Leso zilirushwa, mikeka ikainuliwa, na hakimu akagonga meza mpaka kalamu zikaanguka.

Kisha alikumbuka kilichowakusanya, akamgeukia mtoto. Liwazo alikuwa amekaa chini amekunja miguu, anazitazama runinga zote mbili kwa utulivu, macho yake makavu na midomo yake imetulia. Hakimu alipekua sheria. Sheria haikumtaja mtoto anayetazama tu.

Mafarakano aliona kesi inamponyoka, na mbaya zaidi, aliona baadhi ya watu wameanza kuzitazama zile picha mbili kwa namna asiyoipenda. Alisimama wima.

"Mheshimiwa Hakimu," alisema, "tunaomba sauti irudishwe, ili watu wajue wanaona nini."

Ombi hilo liliungwa mkono na pande zote mbili, nalo ndilo jambo la kwanza ambalo Simanzi na Bashasha walipata kukubaliana juu yake tangu mto utiririke kati yao. Sauti ilifunguliwa. Upande huu ulishika leso na upande ule ukajitupa mikekani, machozi yakabubujika na vicheko vikalipuka, kila mtu akapumua kwa raha ya kurudi nyumbani. Bibi wa Simanzi alisogea mbali na fundi wa Bashasha. Hakimu Insafu alijaribu kukumbuka leo ni zamu ya nini, akashindwa, akakodoa macho kama wengine.

Majonzi alimwinua mtoto. Mcheshi alichukua viatu vya mtoto mkononi. Walipita katikati ya jumba, mbele ya wazee, mbele ya Bi Umbea, mbele ya Mafarakano mwenyewe, na hapana jicho lililowafuata. Askari wa mlangoni aliusogeza mguu wake awapishe, bila kuugeuza uso kutoka kwenye picha. Hukumu ya kesi ile haijasomwa mpaka leo, na wenye kuisubiri wangali wanatazama.

Nje jua lilikuwa bado lipo. Hawakwenda upande wa juu wala upande wa chini. Walishika njia ya ukingoni, inayoelekea milimani, ambayo majani yalikuwa yameifunika kwa kukosa watu wa kuipita. Mcheshi alilia njiani, na mkewe alimcheka kwa kulia wakati wamekwisha okoka, kisha akalia yeye. Walipopumzika kumvika mtoto viatu, Majonzi alimwuliza Liwazo, yule mama mwenye kilemba katika runinga alikuwa anatafuta nini.

"Mtoto wake," alisema Liwazo.

"Akampata?"

Liwazo aligeuka akatazama nyuma, kule ambako kelele zilikuwa zingali zinasikika.

"Sijui, mama. Walifungua sauti."