Valvu ya Shangazi Anyesi

Mwaka ule sabuni na sukari zilipokuwa za foleni, amplifaya ya Aristides ilizimika katikati ya mazoezi. Aristides alikuwa mpiga gitaa wa bendi ya kiwanda kimoja pale Moshi, na Jumapili mchana walikuwa na dansi. Akaibeba mpaka kwa Balbir, fundi redio wa mjini. Balbir akafungua mgongo wa lile sanduku na kuchomoa chupa ndogo ya kioo.

"Valvu imekufa," alisema. "Madukani hakuna. Lakini redio kubwa za zamani, zile za umeme, nyingi zina valvu kama hii. Unamjua mtu mwenye nayo?"

Aristides alimjua. Shangazi yake Anyesi, kule Kibosho, alikuwa na redio ya marehemu mumewe aliyefanya kazi reli. Kijijini hakukuwa na umeme, kwa hiyo redio ilikaa tu juu ya kabati, imefunikwa kitambaa cha kufuma.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba. Mbona umekuja na bisibisi?"

Aristides akaeleza, akitegemea kukaripiwa. Badala yake Anyesi aliishusha redio mwenyewe. Miaka yote aliipangusa vumbi, lakini hakuwahi kuona ndani yake. Kifuniko kilipotoka, akainama kuchungulia.

"Kumbe humu kuna mji mzima! Ipi ndiyo iliyokuwa inasema?"

"Zinasaidiana, nadhani. Ninayoitaka ni hii ya pembeni."

"Chukua. Ila naibeba mimi. Nataka kuiona ikiwaka."

Akaiviringisha kwenye kanga, akapanda pikapu ya kahawa, na barabara mbovu yote ile aliipakata kama yai.

Balbir alisoma maandishi kwenye kioo, akalinganisha miguu yake na soketi, akaichomeka na kuwasha. Kimya. Aristides akamtazama shangazi yake kwa aibu.

"Subiri ipate moto," Balbir alisema.

Polepole uzi mwekundu ukajitokeza ndani ya kioo, na spika ikaanza kunguruma. Aristides akachomeka gitaa alilokuja nalo, akagusa waya mmoja. Sauti iliyotoka ilikuwa nene, yenye mkwaruzo mtamu ambao ile valvu ya kwanza haikuwahi kumpa.

"Mbona si ile ya zamani?" aliuliza.

"Valvu hazifanani, hata zenye namba ileile."

"Kwa nini?" Anyesi akadakia.

Balbir alicheka. "Mama, hilo hata mimi nalitafuta bado."

Jumapili Anyesi aliomba stuli, si mbele pamoja na watu, bali nyuma ya amplifaya. Ukumbi ulipochangamka, alimvuta Aristides shati.

"Ukipiga kwa nguvu, kioo kinatoa rangi ya buluu. Ukipiga taratibu, inapotea."

"Buluu? Hakuna, shangazi."

"Njoo uone."

Aristides aligeuka, akapiga kwa nguvu. Kweli: mwanga hafifu wa buluu ulicheza ukutani mwa kioo, ukapanda na kushuka kwa kila pigo. Akapiga tena, mara kwa nguvu, mara kwa upole, na kila alichojaribu Anyesi alikitaja kwa sauti: "Imekuja! Imepotea!"

"Geuka huku, bwana!" wachezaji wakapiga kelele.

Hakugeuka. Wimbo mzima aliupiga akiwa amewapa mgongo.