Mkanda wa Mama Plasta

Kila asubuhi, kabla msumeno mkubwa haujawashwa, Mama Plasta alimshukuru Mzee Randa, na kila asubuhi Mzee Randa alimjibu kwamba ameshashukuriwa jana. Kisha kila mtu akashika kazi yake. Mzee alikwenda kwenye msumeno, naye Mama Plasta akaenda kupanga mbao kwa urefu, akichechemea kidogo kama ilivyokuwa kawaida yake siku za baridi.

Pale kwenye kiwanda cha mbao hakuna aliyeona ajabu. Wote waliijua habari yenyewe. Miaka mitatu nyuma kipande cha ubao kilirushwa na msumeno kikamchana Mama Plasta mguu juu ya goti, damu ikaruka mpaka kwenye magogo. Sanduku la huduma ya kwanza lilikuwa na kufuli, ufunguo ulikuwa ofisini, na mwenye ufunguo alikuwa ametoka kunywa chai. Mzee Randa hakungoja chai iishe. Alivua mshipi wake, akaufunga juu ya jeraha, akapitisha mpini wa patasi na kuunyonga kama mtu anayekamua blanketi. Maumivu yake hayakuwa na mfano. Mama Plasta alimzaba kofi na kumwita muuaji mbele ya watu wote.

Hospitalini daktari aliuliza ni nani aliyefunga mguu ule. Alipoambiwa ni fundi wa mbao, akasema basi fundi huyo amemwokoa, kwa kuwa damu ile ingekwisha njiani. Wakati huo binti wa mwisho wa Mama Plasta alikuwa bado ananyonya. Sanduku nalo lilipofunguliwa, lilikutwa na plasta mbili na mkasi usiokata hata uzi. Aliporudi kazini aliomba kitu kimoja tu, akabidhiwe sanduku hilo, na tangu hapo akawa anatembea na plasta mfukoni kama mama anavyotembea na leso ya mtoto. Jina lake la kuzaliwa likasahauliwa hapo hapo.

Asubuhi hii karani wa manunuzi alimwita ofisini. Alikuwa kijana msafi, aliyeajiriwa baada ya mkasa ule, na watu walimwita Mhuri kwa sababu kwake kitu kisichopigwa mhuri hakipo duniani. Alimweleza kuwa mkaguzi wa usalama kazini atafika saa nane mchana. Akampa bahasha na karatasi yenye vitu viwili: sanduku la chuma, jeupe, lenye kufuli, moja, na mkanda wa kuzuia damu, mmoja. Akaongeza kwamba bei zimepanda, kila kitu kimepanda, kwa hiyo atumie akili. Mishahara tu ndiyo iliyoachwa chini, lakini hilo hakulisema.

Mama Plasta alitoka na bahasha moyo ukimdunda kwa furaha. Miaka mitatu alikuwa akiuomba mkanda huo, na leo ametumwa yeye mwenyewe kuuchagua.

Duka la vifaa vya hospitali lilikuwa chumba kimoja kirefu, chenye benchi na mizani ya kupimia watoto. Muuzaji alikuwa nesi mstaafu, mwanamke mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Aliposikia kinachotafutwa, aliweka mikanda mitatu juu ya meza.

Wa kwanza ulikuwa mpira mwembamba, ule unaofungwa mkononi mtu anapotolewa damu ya vipimo.

"Huu ni wa kutafutia mshipa, dada yangu, si wa kuzuia damu," alisema. "Lakini makampuni mengi yanachukua huu. Ni rahisi, na karatasi inaridhika."

Mama Plasta aliomba kuijaribu ile mingine. Nesi alimtazama juu ya miwani, kisha akafungua droo na kutoa ile ya mfano, isiyo kwenye plastiki, akamkalisha kwenye benchi. Mikanda yote miwili ilikuwa myeusi, mipana, kila mmoja na kijiti cha kuzungusha na mahali pa kukibana kisifyatuke. Ukiitazama tu ilikuwa kama mapacha. Nesi aliufunga mmojawapo pajani, juu ya suruali ya kazi, akaweka vidole viwili kwenye kifundo cha mguu kutafuta mapigo ya damu, akamwambia azungushe mwenyewe. Mzunguko wa kwanza, wa pili. Kwenye wa tatu kijiti kikajikunja kama mshumaa uliosahauliwa juani, na nesi akatikisa kichwa. Damu bado ilikuwa inapita.

Wakafunga mwingine. Kijiti chake kilikuwa kigumu, mishono yake imerudiwa mara mbili. Mama Plasta alizungusha, akauma mdomo, akazungusha tena.

"Yamekwisha," nesi alisema, vidole bado kwenye kifundo. "Sisikii kitu. Unauma?"

"Unauma sana."

"Basi ndio huu. Usiouma haufanyi kazi."

Mama Plasta akacheka, na machozi yakamtoka wakati huo huo. Aliyajua maumivu yale. Ndiyo aliyomlipa Mzee Randa kwa kofi. Nesi akalegeza mkanda, akangoja bila kuuliza, na Mama Plasta alipotulia akamsimulia habari yote hata nesi naye akavua miwani kuifuta.

Shida ikawa bei. Fedha ya bahasha ilitosha sanduku la chuma pamoja na mkanda wowote kati ya ile miwili mibovu. Au ilitosha ule mzima, peke yake. Alimpigia simu karani, akamweleza polepole habari ya mpira na tofauti ya vijiti. Karani alimsikiliza mpaka mwisho, kwa adabu.

"Mama, mkanda ni mkanda," akasema. "Mkaguzi anatia alama kwenye fomu, hafungwi mguu. Chukua wa bei ya chini, usisahau kufuli."

Mama Plasta alirudisha simu mfukoni. Hakuwa mtu wa kugombana na ofisi. Ana watoto watatu na mguu mmoja na nusu, na kazi hazichumwi barabarani. Kisha akawaza juu ya kiwanda kizima kilichojaa mbao na mafundi, kinachotuma mtu kwenda kununua sanduku. Akaona aibu kwa niaba ya mbao zenyewe. Akauchukua mkanda mzima.

Nesi alimfungia pia glovu na bunda la bandeji, na ule mkanda wa mfano wa kufundishia wenzake, na alipoulizwa bei akasema achukue tu. Alisema ameuza vitu hivi miaka tisa, na huyu ni mteja wa kwanza aliyeuliza kama vinafanya kazi.

Kiwandani Mzee Randa hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Alikusanya mabaki ya mbao ngumu, akapima kwa jicho, na kabla jasho halijakauka sanduku lilikuwa limesimama, limepigwa randa hadi linateleza, mfuniko wake ukifunguka kwa kidole kimoja. Kufuli halikuwapo. Mama Plasta akamshukuru, na mzee akasema leo ni mara mbili, sasa anaanza kuogopa.

Mkaguzi alifika na kofia ngumu iliyokuwa bado na kibandiko cha duka. Hakuukaribia msumeno kwa sababu ya vumbi. Alilitazama sanduku, akatazama fomu, akaandika kwa muda mrefu. Kuhusu mkanda aliuliza tu kama upo. Akaambiwa upo. Mama Plasta alinyoosha mkono kuutoa amwonyeshe, lakini mkaguzi alikuwa ameshageuza ukurasa.

Saa kumi Mama Plasta aliitwa ofisini, aje na mkanda na risiti yake. Karani alimsomea ripoti. Sanduku halifai, si la chuma, halina kufuli. Mkanda upo. Kiwanda kimepewa siku saba kujirekebisha. Kwa hiyo, karani alisema, arudishe mkanda dukani kabla hawajafunga, achukue sanduku la chuma na ule mpira. Aliigeuza risiti akasoma maandishi ya nyuma.

"Bidhaa inapokelewa ikiwa haijafunguliwa. Bahati yako, mama, bado iko kwenye plastiki."

Akaisukuma pakiti mezani. Mama Plasta aliichukua, akaipapasa. Plastiki ilikuwa nene, ya kuteleza. Akajaribu kuiwaza mikononi mwa Mzee Randa siku ile, mikono iliyolowa mpaka kwenye viwiko, na akashangaa kwamba tangu asubuhi hakuwa amelifikiria jambo hili. Akatia pembe ya pakiti mdomoni na kuichana kwa meno.

Karani alisimama. "Umefanya nini sasa?"

"Nimeufungua. Siku ile hakuna ambaye angepata mkono mkavu wa kuufungua." Aliutoa mkanda, akaukunjua, akauviringa vizuri ili kijiti kikae juu.

"Nitakuandikia barua ya onyo. Unanielewa? Inaingia kwenye faili, na mwisho wa mwaka mikataba inaangaliwa kwa faili."

Alimwelewa vizuri. Kijana hakuwa mbaya, hakuwapo tu siku ile.

"Andika, mdogo wangu," akamwambia. "Ikiwa tayari niite nije niichukue. Miguu ya kunileta ninayo, yote miwili."